Mzee Karudi Nyumbani, Mbona Haongei?

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo nina neno na ninyi mnaomuuguza baba au mama aliyepata mshtuko wa moyo. Daktari kamruhusu, ndugu wameleta matunda wakaaga. Lakini mzee chakula anakidonoa tu, usiku halali, hata taarifa ya habari haitaki tena. Nanyi mnaambiana, "Mwacheni, ni mawazo tu."

Msimwache. Katika kila watu watano waliopata mshtuko wa moyo, karibu mmoja hupata sonona kali, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Mwaka 1993 watafiti wa Montreal, Kanada, walitoa matokeo ya wagonjwa 222 waliowafuatilia kwa miezi sita: wenye sonona walikufa zaidi, hata ukali wa ugonjwa wa moyo ulipozingatiwa. Sonona huufanya mwili ukae macho muda wote. Homoni za msongo hupanda, damu huganda kwa urahisi zaidi. Na kuna lile tunaloliona kwa macho yetu: aliyekata tamaa hamezi vidonge, hatembei, na sigara aliyoiacha anairudia.

Basi muulizeni kwa upole, mkiwa wawili tu: wiki mbili hizi, siku nyingi umekuwa na huzuni? Yale uliyoyapenda bado yanakufurahisha? Akizungumzia kufa au kujidhuru, msingoje tarehe ya kliniki. Asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Dawa zipo. Sertralini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo, matokeo yakatoka mwaka 2002, na haikuonekana kuudhuru moyo. Ila amitriptilini, ile ambayo wengi wameizoea kwa usingizi na maumivu, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo vidonge vya jirani, hapana, hata jirani awe shoga yako wa damu.

Nisiwadanganye: utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa tiba ya mazungumzo ilipunguza sonona, lakini haikupunguza vifo. Mimi bado nasema atibiwe. Kula kwa hamu na kulala usiku si jambo dogo kwa mgonjwa.

Siku ya kliniki ingieni naye. Daktari akiuliza hali, mzee atajibu, "Sijambo kabisa, mwanangu." Mwombeni radhi, kisha semeni ninyi: halali, hali, na vidonge vya wiki iliyopita bado vimo kwenye pakiti.