Kamera ya angani huona nini? Majibu kwa wasomaji wa Beni na Butembo

Maswali ya setilaiti ni nini na Jupiter iko wapi nimeyaacha. Yamo katika vitabu vya shule. Nimechukua yale yanayoniudhi na yale yanayoniumiza.

Barua kadhaa kutoka Oicha, Mavivi na Beni mjini, nimeziunganisha: Tunasikia chombo kinakwenda kupiga picha mwezi wa barafu huko Jupiter. Kama kamera zinaona mpaka huko, mbona hazioni wanaotuua msituni? Au wenye kamera wanaona na wananyamaza?

Walioandika barua hizi wamezika ndugu zao tangu mauaji yaanze Oktoba 2014, kwa hiyo nitajibu polepole.

Chombo hicho ni Europa Clipper cha NASA. Kiliondoka Florida tarehe 14 Oktoba 2024 na kinatazamiwa kufika Jupiter Aprili 2030. Kamera yake haitapiga picha kutoka hapa. Itapelekwa mpaka pale. Kimepangiwa kupita karibu na mwezi Europa mara 49, na mara nyingine kitakuwa kilomita 25 tu juu ya barafu. Kikiwa kilomita 50, kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya kamera yake kali zaidi itachukua nusu mita ya ardhi. Tena Europa haina wingu wala mti, na hewa yake ni hafifu mno.

Sasa tazameni juu ya Beni. Landsat, setilaiti ambayo picha zake hutumiwa sana kuchora ramani, hupita kilomita 705 kutoka ardhini, na pikseli yake ni mraba wa mita 30 kwa 30. Uwanja mzima wa mpira unaingia katika pikseli nane hivi. Mtu aliyesimama golini haonekani: mwanga wake umechanganyika na wa majani, wa vumbi na wa bati la nyumba ya jirani, vyote vikawa namba moja. Zipo setilaiti za biashara ambazo pikseli zake ni za sentimita 30, nazo huonyesha gari na paa. Hizo nazo hupiga picha mara moja na kwenda zao. Hakuna filamu inayoendelea mchana na usiku juu ya vijiji vyetu kutoka kwenye kamera hizo. Na katika msitu wa kuelekea Eringeti, kamera inayotegemea mwanga wa jua huishia kwenye majani ya juu. Chini ya majani hayo kunaweza kupita watu mia, picha isibadilike.

Kinachoonekana ni alama zinazobaki: nyumba zilizoungua, mashamba yaliyoachwa yakarudi pori, miti iliyokatwa. Ni ushahidi wa maana mbele ya mahakama, ila unakuja watu wakiwa wameshakufa. Anayewaambia kwamba kila shambulio limerekodiwa kutoka angani anawadanganya. Anayewaahidi kwamba setilaiti itawalinda anawadanganya zaidi, maana anamwondolea lawama yule aliyepaswa kulinda barabara usiku wa shambulio.

Kijana wa Mangurejipa: Kuna mtu anauza namba za GPS za mahali penye dhahabu. Anasema amezitoa kwenye setilaiti.

Ni mwizi. Usimpe hata faranga moja.

Mwalimu wa fizikia, Butembo: Lakini wanasema Clipper itaona ndani ya barafu. Kwa nini isiwezekane kuona ndani ya udongo wetu?

Mwalimu, swali lako ni zuri, na matapeli wa dhahabu wanaishi kwa jibu lake la uongo. Kitakachochungulia ndani ya barafu ni rada, kamera haihusiki. Mawimbi ya redio hupenya barafu yenye baridi kali, yakagonga tabaka la chini na kurudi. Udongo wa Lubero, mfinyanzi uliojaa maji, huyameza kabla hayajafika mbali. Rada nyingine hupenya mawingu, na hizo zinatusaidia kweli kwa sababu mbingu yetu hufunga miezi mingi. Ila wingu si ardhi. Hakuna setilaiti inayoona mshipa wa dhahabu mita ishirini chini ya miguu yako. Wanajiolojia husoma kutoka juu mpasuko wa miamba na rangi ya udongo ulio wazi, kisha wanashuka na nyundo kwenda kuhakikisha.

Je, Europa kuna watu?

Hakuna.

Mwanafunzi wa Mutwanga, na wengine watatu: Picha za angani zina rangi za ajabu, theluji ya Ruwenzori inatokea buluu. Si zimetengenezwa?

Zimetengenezwa, na kila anayezitengeneza kwa uaminifu anasema alivyofanya. Kamera hupima mwanga kupitia vichujio, kimoja kimoja, hata ule ambao jicho halioni. Wewe wa Mutwanga unajua jinsi mlima unavyojificha wiki nzima. Siku unapotoka, wingu ni jeupe na barafu ni nyeupe, na katika picha ya kawaida huwezi kuvitenganisha. Katika infraredi ya mawimbi mafupi, mwanga mmojawapo ambao jicho halioni, wingu hubaki linang'aa na barafu hugeuka karibu nyeusi, kwa kuwa barafu huufyonza mwanga huo. Anayechora ramani huipa infraredi hiyo rangi nyekundu, na mwanga wa kawaida huupa buluu. Barafu isiyoirudisha hubaki buluu. Mwaka 1972 watafiti walitumia mwanga wa infraredi kutambua kwamba uso wa Europa ni barafu ya maji.

Kwa njia hiyo Landsat ilipima barafu ya Ruwenzori: karibu kilomita 2 za mraba mwaka 1987, chini kidogo ya 1 mwaka 2003. Msafara wa Duke wa Abruzzi kutoka Italia ulipopanda mlima huo mwaka 1906, ilikadiriwa kuwa zaidi ya 6. Anayekwambia barafu imejificha tu nyuma ya ukungu hajaangalia.

Kwa nini fedha za chombo hicho zisitengeneze barabara ya Butembo–Beni?

Fedha za NASA hazikuwa zetu hata siku moja. Uliza zilikokwenda zile za ushuru wa mpaka wa Kasindi. Nami ninalia na jambo jingine: picha zote za Landsat ni za bure tangu 2008, na bado tunafundisha ramani kwa karatasi za enzi ya ukoloni. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, watu wa kujitolea walioketi nchi za mbali ndio waliochora kutoka kwenye picha za setilaiti nyumba na vijia vya huku, ili wahudumu wa afya wajue pa kupita. Kazi hiyo mwanafunzi wa Butembo anaiweza kuliko wao. Anajua kijia kipi kimekufa na daraja lipi lilichukuliwa na maji. Anayetaka kuanza aingie katika hifadhi ya Landsat, atafute picha za Januari, Februari au Julai, mawingu yanapopungua, na aanze na kata yake mwenyewe.