Usimwambie Mtoto "Vumilia"
Kijitabu cha nyumbani kuhusu uonevu shuleni, kwa wazazi na walezi wa Kangundo

Jambo moja la kushika

Mtoto akikuambia anaonewa shuleni, usimwambie avumilie.

Kwa nini neno hilo ni hatari

Mwanafunzi mgeni wa bweni, yule wanayemwita mono, hunyang'anywa sukari na sabuni, hufulishwa nguo za wakubwa, hupigishwa magoti usiku wenzake wakilala. Haya hutendeka mwalimu akiwa hayupo, kwa hivyo mtoto asiposema, hakuna mtu mzima atakayejua. Akisema na kujibiwa "vumilia", hatasema tena. Naye mwonevu, akiona hakuna aliyeuliza, huzidisha. Ndiyo maana watoto hufikishwa hospitali wakiwa wamekwisha kuumia sana. Usijidanganye kwamba mtoto wako yuko salama kwa kuwa shule yake ina sifa nzuri. Mwaka 2017, malalamiko ya wanafunzi wadogo kuteswa na viranja yalitoka Alliance High School, shule inayotamaniwa nchi nzima. Na mwaka 2019 UNESCO ilieleza kuwa, duniani, karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alionewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja.

"Hata sisi tulipitia"

Wengi husema walionewa na bado wakawa watu. Ni kweli, wapo waliopita salama. Lakini walioacha masomo na waliojiua hawaji kwenye mkutano wa wazazi kusimulia. Ukihesabu waliopona pekee, ugonjwa wowote utaonekana mdogo. Wengine husema mtoto akitetewa atakuwa mlegevu. Ukakamavu huletwa na kazi, michezo na kukosolewa kwa haki. Kupigwa na mtu usiyeweza kumjibu hufundisha mawili tu: kuogopa, au kungoja zamu yako ya kupiga wadogo. Wengine wanahofu mtoto atalipiziwa kisasi. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake si kunyamaza. Andika tarehe, mahali na kilichotendeka, mpe mwalimu mkuu, baki na nakala, na usiondoke kabla hujaambiwa mtoto atalala wapi usiku huo na nani atamwangalia. Usiposikizwa, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo au ofisi ya watoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa akili. Unadai haki yake, huombi hisani. Kwa hivyo usimwambie avumilie.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo

Akipigwa kichwani kisha akatapika, akasinzia ovyo au akachanganyikiwa. Akipigwa teke tumboni na maumivu yasiishe. Akikojoa damu. Akizimia. Akishikwa au kuingiliwa kimwili: asioge, asifue nguo, afike haraka kabla ya saa 72 kuisha, kwa sababu dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi hazingoji. Usimpe dawa za maumivu ukasubiri kesho. Usipatane na familia ya mwonevu kabla daktari hajamwona mtoto wako.

Akisema hataki kuishi

Mwamini. Usimkemee, usimwambie anatafuta huruma, usimwache peke yake hata kidogo. Fungia dawa za kunyunyizia kahawa na dawa zote za nyumbani, ufunguo ubaki kwako. Mfikishe Hospitali ya Kangundo. Usiogope kwamba atashtakiwa: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Piga 116, simu ya kuwasaidia watoto, bila malipo.

Mwonevu akiwa wako

Usimfiche na usimpige. Mrudishe shuleni mkiwa pamoja, akiri, na arudishe alichochukua.

Shule zikifungwa

Kabla ya kuuliza alama, uliza analala karibu na nani, nani hula chakula chake, anamwogopa nani. Tazama mgongo, mikono na sanduku lake. Anayeumwa tumbo kila siku ya kurudi shule huenda hadanganyi. Akianza kusema, nyamaza hadi amalize, mwambie umemwamini, kisha chukua hatua kabla hajarudi shuleni. Usimwambie avumilie.