Sitiari na Sera: Mafunzo Kutokana na Kazi za John DiIulio

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi huelezwa mapema kuwa sitiari ni pambo la lugha. Maelezo haya yana ukweli, lakini hayatoshi, kwani sitiari ikitoka katika utenzi na kuingia katika sera hubeba hatima za watu. Makala haya yanazipitia kazi za John DiIulio, mwanasayansi wa siasa wa Marekani aliyechunguza urasimu, dini na asasi za kiraia, kwa nia ya kulidhihirisha jambo hilo.

Urasimu

DiIulio alizaliwa mwaka wa 1958 mjini Philadelphia. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikofunzwa na James Q. Wilson, bingwa wa masuala ya urasimu. Katika kitabu chake Governing Prisons (1987), alilinganisha magereza ya Texas, Michigan na California. Alihitimisha kuwa utulivu wa gereza hutegemea zaidi namna linavyosimamiwa kuliko wingi wa wafungwa au wa fedha.

Hapa istilahi inahitaji uangalifu. Neno urasimu lina asili moja na rasmi na rasimu. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku limekuwa jina la foleni na "njoo kesho". Kitaaluma, urasimu ni mfumo wa watumishi wanaofanya kazi kwa kanuni na ngazi za mamlaka. Asiyetenga maana hizi mbili atakishangaa kitabu Bring Back the Bureaucrats (2014), ambamo DiIulio anapendekeza serikali ya Marekani iajiri watumishi milioni 1 zaidi kufikia mwaka wa 2035. Hoja yake ni kwamba tangu mwaka wa 1960 idadi ya watumishi wa kiraia wa serikali kuu imebaki karibu milioni 2, ilhali matumizi yameongezeka takriban mara 5. Pengo hilo huzibwa na wanakandarasi, majimbo na asasi zisizo za kiserikali.

Sitiari

Mnamo Novemba 1995, DiIulio alichapisha makala katika jarida la The Weekly Standard akitabiri kuzuka kwa kizazi cha vijana wahalifu wasio na huruma. Aliwapa jina lililowafananisha na wanyama mbuai, tena mbuai waliopita kiasi. Mwaka uliofuata alikadiria kuwa kufikia 2010 wangeongezeka kwa takriban 270,000 wakilinganishwa na wa 1990.

Kiswahili hutekeleza tendo kama hili kwa kiambishi tu: mtu akiwa jitu, huruma hupungua. Isitoshe, kijana na mbuai wote wamo katika ngeli ya A-WA. Sarufi haimzuii msemaji kuvuka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kizuizi hubaki katika dhamiri yake.

Sheria kali zilikuwa zimeanza kutungwa kabla ya makala hayo, lakini jina hilo lilizipa nguvu. Katika miaka ya 1990, majimbo mengi yalirahisisha kuwashtaki watoto kama watu wazima, na mzigo mzito uliwaangukia vijana weusi. Kumbe uhalifu wa vijana ulikuwa umeanza kushuka, na uliendelea kushuka. Mwaka wa 2001 DiIulio alieleza majuto yake hadharani. Mwaka wa 2012, katika kesi ya Miller dhidi ya Alabama, alijiunga na wasomi walioiarifu Mahakama ya Juu kuwa utabiri ule haukutimia. Mahakama iliharamisha kifungo cha lazima cha maisha bila msamaha kwa waliotenda kosa wakiwa watoto.

Dini na Asasi za Kiraia

Mnamo Januari 2001, Rais George W. Bush alimteua DiIulio kuwa mkurugenzi wa kwanza wa ofisi ya Ikulu iliyohusika na huduma za jamii zitolewazo na makundi ya kidini na ya mitaani. Alijiuzulu Agosti mwaka huohuo. Katika Godly Republic (2007), alitetea njia ya kati: serikali inaweza kugharamia huduma ya kanisa au msikiti kwa maskini, bali haiwezi kugharamia mahubiri.

Hitimisho

Utafiti wa magereza ulihitaji ulinganisho wa majimbo matatu. Jina la mbuai lilihitaji kalamu tu. Utafiti ulisomwa na wachache, jina likaenea nchi nzima. Msomi alilikana baadaye, lakini kukana hakumrudishii mfungwa miaka yake. Mhakiki wa fasihi, aliyezoea kuuliza sitiari inafichua nini na kuficha nini, anao ujuzi ambao watunga sera wanauhitaji.

Maswali ya Mjadala

1. Tofautisha urasimu kama istilahi na urasimu kama lawama.
2. Teua sitiari moja ya mnyama katika tamthilia uliyosoma. Inamfichia msomaji nini kuhusu mhusika anayepewa jina hilo?