Mayai ya Konokono Ndani ya Beseni la Samaki

Mama mmoja wa hapa Kasungami alikuja kwetu asubuhi, ameshika beseni kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa samaki wadogo watatu na majani ya maji, ambayo mtoto wake aliyaleta kutoka kijitoni. Akageuza jani moja. Chini yake palishikamana kitu kama ute, rangi yake njano kidogo, na vidoadoa vingi ndani. Akauliza, "Muganga, ni hii inayomtia mtoto wangu damu katika choo?"

Lilikuwa swali jema. Hayo yalikuwa mayai ya konokono wa maji. Yakiachwa, huanguliwa baada ya juma moja hivi, na konokono wa namna hii aweza kutaga peke yake, bila mwenzake. Mmoja tu yatosha kujaza beseni. Lakini angalia sana: yai la konokono halina ugonjwa, wala konokono mchanga anayetoka ndani yake. Ugonjwa wa kichocho, ndio bilarzioze, una mayai yake mwenyewe, madogo hata jicho haliyaoni, nayo hutoka katika choo au mkojo wa mtu mgonjwa. Wengi huyachanganya haya mawili.

Mtu mgonjwa akijisaidia kando ya kijito, mvua huupeleka uchafu majini. Yai hupasuka, mdudu hutoka, naye hana zaidi ya siku moja hivi ya kumtafuta konokono. Asipompata, hufa. Akimpata, huingia mwilini mwake na kuongezeka kwa majuma manne au zaidi. Kisha hutoka wadudu wenye mkia, kwa maelfu, hasa wakati wa jua kali, saa zile zile watoto wanapopenda kuoga. Hupenya ngozi nzima, hawangoji kidonda. Konokono aliye bapa, aliyejikunja kama pembe ya kondoo, ndiye wa kichocho cha matumbo. Minyoo yenyewe ilionwa kwanza na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Kairo mwaka 1851.

Basi mtoto hakuugua kwa sababu ya mayai ya beseni. Aliugua mahali aliposimama majini mpaka magotini, akitafuta samaki.

Hata hivyo, beseni lisiachwe. Kama mna konokono wakubwa waliotoka kijitoni, usitie mkono. Tumia kijiko kirefu. Wahamishe samaki katika maji ya kisima. Majani yote, mayai na konokono, tupa motoni. Usifikiri kukausha kunatosha: mayai hufa yakikauka, lakini konokono mkubwa aweza kujificha katika ganda lake majuma mengi, akingoja mvua. Maji ya beseni mwaga penye udongo mkavu, mbali na kijito na bwawa. Baada ya juma moja tazama tena, maana daima yai moja hubaki pembeni.

Nanyi wenye mabwawa ya samaki, kateni majani ya ukingoni mara kwa mara, kwa kuwa ndipo konokono hutaga. Wako samaki walao konokono, nao walijaribiwa hapa Katanga katika miaka ya 1950. Lakini samaki hawezi kufanya kazi ya choo. Soma Kumbukumbu la Torati 23, mstari wa 12 na 13. Musa aliwaagiza watu watoke nje ya kambi, wachimbe, na kufunika. Hawakuwa na darubini, lakini agizo hilo likishikwa kijitoni kwetu, konokono atabaki konokono tu.

Mama yule aliuliza kama ni lazima samaki wauawe. Sivyo. Tulimpa kopo safi alete choo cha mtoto, na mdudu akionekana, atapata vidonge vya prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake, baada ya kula chakula. Nikamwambia awalete pia ndugu zake wawili, wale waliokwenda naye kijitoni.