Tangi la Choo Kipya Likivuja au Likicheza

Choo kimewekwa juzi, fundi ameshaondoka, na tayari sakafu ina maji nyuma ya bakuli. Wengi hukimbilia kukaza bolti. Usikaze. Kauri haipindi, ikizidiwa hupasuka, na tangi lililopasuka halina dawa. Kinachozuia maji ni raba iliyokaa mahali pake, si nguvu za mwenye spana. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usivuke hatua ambayo ukaguzi wake haujafaulu. Zinahusu choo ambacho tangi lake limekaa juu ya bakuli.

Maneno yanayotumika

Tangi ni chombo cha kauri kinachohifadhi maji ya kumwagia. Lile la juu ya nyumba litaitwa tangi la paa. Vali ni kifaa cha katikati ya tangi kinachoachia maji ukibonyeza kitufe, na nati kubwa ni nati ya plastiki inayoibana vali hiyo kwa chini. Raba kubwa ni pete nene inayovishwa juu ya nati kubwa na kukaa kati ya tangi na bakuli. Raba ndogo hukaa ndani ya tangi, chini ya kichwa cha kila bolti. Boya ni kifaa kinachoingiza maji na kuyakata tangi likijaa. Koki ni ile ndogo ya ukutani, inayolisha choo peke yake.

Vifaa

Spana namba 10 na 13, bisibisi bapa, pima maji fupi, sumaku, sponji, ndoo, tishu, gunia kavu, nusu kijiko cha chai cha rangi ya biriani, seti mpya ya bolti na raba zake, na mtungi wa lita 20 uliojaa maji. Mtungi usiukose. Maji ya bomba ya Malindi na Kilifi hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na hayafiki kila mtaa kila siku. Ukianza kazi siku ya mgao bila akiba, utakwama kwenye majaribio.

Hatua

1. Tambua mahali panapovuja kabla ya kugusa nati yoyote. Kausha tangi lote kwa nje, pamoja na bolti na paipu. Koroga rangi ya biriani ndani ya tangi. Weka tishu kavu chini ya kila bolti, chini ya nati ya boya, chini ya maungio ya paipu, na pale tangi linapokutana na bakuli. Subiri dakika 30 bila kumwaga, kisha mwaga mara moja na uangalie tena.

   Tishu iliyolowa bila rangi: tatizo ni maungio ya paipu; funga koki, fungua paipu, kisha nenda hatua ya 9. Rangi chini ya bolti: raba ndogo. Rangi chini ya nati ya boya: raba ya boya. Rangi katikati kabla ya kumwaga: nati kubwa. Rangi katikati wakati wa kumwaga tu: raba kubwa. Tangi linalocheza bila kuvuja lipitie hatua zote zinazofuata, kwa sababu kucheza huko ndiko kutakakoifungua raba baadaye.

   Uvujaji mdogo usiudharau. Kikombe cha mililita 200 kikijaa kwa saa moja, ni karibu lita 5 kwa siku kutoka tangi la paa.

2. Funga koki, kisha mwaga maji. Ukaguzi: subiri dakika 5, maji yasipande ndani ya tangi. Yakipanda, koki haikati. Funga vali ya paipu inayoshuka kutoka tangi la paa. Maliza maji yaliyobaki kwa sponji hadi sakafu ya tangi iwe kavu.

3. Fungua paipu chini ya boya, ndoo ikiwa chini yake. Kisha legeza nati za bolti kwa zamu: ukizuia kichwa cha bolti kwa bisibisi ndani ya tangi, zungusha nati kwa spana. Inua tangi wima kwa mikono miwili na ulilaze juu ya gunia.

4. Kagua kauri. Pitisha kidole kuzunguka kila tundu, ndani na nje, mahali penye mwanga. Ukikuta ufa, hata mwembamba kama unywele, acha kazi na urudishe tangi dukani. Silikoni haitibu ufa. Vilevile, usipake silikoni kwenye raba yoyote: raba hufunga kwa kubanwa, na silikoni huifanya iteleze na kutoka mahali pake.

5. Badilisha bolti. Katika pwani hii, hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Bolti zinazokuja na choo mara nyingi ni za chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Hewa ya bahari huzila kwa nje, na nyumba inayotumia maji ya kisima chenye chumvi huzila kwa ndani pia. Kutu huvimba chini ya raba ndogo na kuinyanyua, maji yakapata njia. Nunua bolti za brasi au za chuma cha pua. Jaribu kila moja kwa sumaku ukiwa bado dukani: ikivutwa kwa nguvu, irudishe. Rangi isikudanganye, kwa maana chuma huweza kupakwa kikang'aa kama brasi.

   Panga kwa utaratibu huu: kichwa cha bolti, wosha ya chuma, raba ndogo, kisha kauri. Chuma kisiguse kauri popote.

6. Kaza nati kubwa kwa mkono hadi igome, kisha ongeza robo mzunguko. Fanya vivyo hivyo kwa nati ya boya. Visha raba kubwa juu ya nati kubwa. Ukaguzi: raba iifunike nati yote, na ikae sawa pande zote.

7. Teremsha tangi wima, bolti ziingie katika matundu ya bakuli kwa pamoja. Kwa chini vaa wosha ya raba, wosha ya chuma, kisha nati. Zungusha nati kwa vidole tu mpaka ziguse.

8. Kaza nati kwa zamu, nusu mzunguko kulia, nusu mzunguko kushoto. Kila baada ya zamu mbili, weka pima maji juu ya ukingo wa tangi. Upande ulio juu ndio unaofuata kukazwa. Tangi likiinama upande mmoja, raba kubwa hubanwa huko na kuachia kwingine, hata kama nati zote ni ngumu. Acha kukaza mara tu masharti mawili yanapotimia: pima maji iko sawa, na tangi halichezi ukilisukuma polepole kwa kiganja. Ukisikia mlio wa kauri, legeza mara moja na urudi hatua ya 4.

9. Unganisha paipu kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Usizungushie tepi, mwisho wa paipu una raba yake. Hakikisha raba hiyo ipo.

10. Jaza nusu ya tangi kutoka mtungini. Weka tishu kavu mahali pote palepale pa hatua ya 1 na usubiri dakika 10. Zikiwa kavu, fungua koki hadi boya likate lenyewe. Maji yasimame kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la kufurika. Mwaga mara 5, ukiacha tangi lijae kila mara. Tishu moja ikilowa, usiongeze nguvu: rudi kwenye raba ya mahali hapo.

11. Acha tishu kavu usiku kucha, koki ikiwa wazi. Asubuhi zikiwa kavu, rudisha kifuniko.

12. Rudia kugusa nati baada ya wiki moja, maana raba mpya hulala kidogo. Nati inayozunguka kwa vidole iongezewe robo mzunguko, kila upande, mara moja tu. Kisha weka pima maji tena.