Hema Huozea Stoo, Haliozi Mvuani



Vikundi vingi vijijini vina hema lao. Wanachama wamechanga pesa kidogo kidogo, wakanunua hema la turubai ili watu wapate kivuli siku ya msiba, arusi au mkutano. Likikodishwa, linaingiza fedha katika mfuko wa kikundi.

Lakini tazama yanayotokea. Mwaka wa kwanza hema ni zuri. Mwaka wa pili lina madoa meusi na harufu mbaya. Mwaka wa tatu ukilivuta linachanika kama karatasi. Watu husema, "Mvua imelimaliza." Si kweli. Hema hilo limeozea stoo, kwa sababu lilikunjwa bichi. Leo tutajifunza sababu yake, kisha tutajifunza kulitunza.

NANI ANAKULA HEMA?

Turubai zito hufumwa kwa pamba. Uzi wa pamba karibu wote ni kitu kinachoitwa selulosi. Selulosi imo pia katika mbao na majani makavu. Sasa, upo ukungu ambao chakula chake ni selulosi hiyo. Wataalamu huuita kuvu. Ili uote unahitaji chakula, unyevu na joto. Hema lililokunjwa bichi linaupa vyote vitatu. Chakula hatuwezi kukiondoa, maana ndilo hema lenyewe. Joto nalo hatuliwezi. Tunachoweza kuondoa ni unyevu.

Jambo hili limesumbua hata majeshi makubwa. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939-1945), askari wa Marekani walipigana katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, penye joto na mvua nyingi. Mahema na vifaa vyao vya pamba vilioza upesi. Mwaka 1944 ukungu mmoja ulichukuliwa kutoka hema la pamba lililokuwa likioza katika kisiwa cha Bougainville. Wataalamu wa jeshi waliuchunguza. Wakaona unatoa vimeng'enya vinavyovunja selulosi na kuigeuza sukari, kisha unakula sukari hiyo. Baadaye ukungu huo uliitwa Trichoderma reesei, kwa heshima ya mtaalamu Elwyn Reese. Siku hizi viwanda hutumia vimeng'enya vyake kulainisha nguo za jinzi.

Basi fikiri mwenyewe. Ukungu wa kula selulosi umo katika udongo wa kila mahali, hata kwetu. Ukiufungia stoo pamoja na hema bichi miezi miwili, utakuta nini?

Mahema mengine ni ya nailoni, poliesta au plastiki. Ukungu hauli nyuzi hizo, ila huota juu ya uchafu na kuacha madoa. Adui yao mkubwa ni jua kali la muda mrefu. Hayo nayo yakaushe, lakini usiyaache juani wiki nzima bila kazi.

KUSAFISHA

1. Litandaze hema mahali pasafi. Acha tope likauke kwanza. Ukisugua tope bichi unalisukuma ndani ya nyuzi.
2. Lipige brashi laini au ufagio laini, ndani na nje. Mara nyingi hiyo inatosha.
3. Penye doa, futa kwa kitambaa na maji baridi matupu.
4. Usitumie sabuni ya unga. Sabuni huondoa dawa ya kuzuia maji iliyotiwa kiwandani. Ikibaki katika nyuzi, hurahisisha maji kupenya. Usitumie pia petroli, mafuta ya taa, wala dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.
5. Ukiona ukungu, ziba pua kwa kitambaa, upige brashi nje penye hewa. Kisha futa kwa siki, kikombe kimoja katika vikombe vinne vya maji. Jaribu kwanza kwenye kona. Suuza, uanike. Doa jeusi huenda lisitoke lote. La muhimu ni kuzuia ukungu usiendelee.

KUANIKA NA KUKUNJA

Usidanganywe na paa. Paa hukauka kwanza. Mishono na pindo hukauka mwisho, na huko ndiko kuoza kunakoanzia. Gusa mishono kwa mgongo wa mkono. Ikiwa baridi, bado ni mbichi.

Je, kama mvua inanyesha na watu wanataka kuondoka? Likunje hivyo hivyo, ulichukue. Lakini lisikae hivyo zaidi ya siku moja. Kama jua hakuna, litundike chini ya paa penye upepo.

Weka hema juu ya kichanja, si sakafuni. Lisikae pamoja na mbolea wala chakula, maana panya hufuata chakula, kisha hutafuna turubai.

LIKIWA LIMESIMAMA

Hema jipya la pamba lilowesheni na kulikausha kabla ya kazi ya kwanza. Uzi wa pamba ukilowa huvimba na kuziba matundu madogo ya sindano. Wakati wa mvua msiguse paa kwa ndani. Mahali palipoguswa huanza kuvuja.

Kamba za katani au pamba hukaza zikilowa. Zilegezeni kidogo kabla ya mvua, ama zitang'oa vigingi au kuchana turubai. Lakini paa lisilegee mpaka maji yakatuama.

Tundu likitokea, lishoneni siku hiyo hiyo kwa shazia na kiraka cha turubai. Pakeni nta ya nyuki juu ya mshono. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

NANI ATAANIKA?

Hapa ndipo vikundi vingi vinaposhindwa. Kila mtu anadhani mwenzake ataanika. Na mfiwa hawezi kuulizwa habari za hema siku ya matanga. Basi kikundi kichague watu wawili wa kupokea hema na kulikagua, na waandike. Wewe uliyehitimu kisomo unaiweza kazi hii. Andika hivi:

Tarehe: 14 Aprili. Limerudi: bichi. Limeanikwa: siku 2. Kasoro: tundu moja, kona ya kushoto. Limeshonwa: ndiyo.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hema nalo ni mali.

MASWALI

1. Ukungu unahitaji mambo gani matatu ili uote? Ni lipi tunaweza kuliondoa?
2. Kwa nini hatuoshi turubai kwa sabuni ya unga?
3. Ni sehemu gani za hema hukauka mwisho?
4. Kwa nini tunalegeza kamba za katani kabla ya mvua?

ZOEZI: Nendeni stoo na wenzako, mfungue hema la kikundi chenu. Guseni mishono. Andika katika daftari mlichokikuta, kisha usome mbele ya mkutano.