SOMO: Tuupimeje Ushirikiano wa Watendaji wa Chama?



Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na Sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Historia hiyo imetufundisha kuogopa dhoruba itokayo nje. Lakini katika kazi ya ukaguzi nimeona kwamba chama hudhoofika pia kutoka ndani, pale kazi inapotoka mkononi mwa mtu mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine.

Katika chama kimoja, stakabadhi za karani wa mizani zilionyesha kilo 600 za mahindi, na daftari la ghala kilo 575. Kila mmoja aliapa kuwa hesabu yake ni sahihi, na kweli zote zilikuwa sahihi. Mahindi yalipepetwa kabla ya kuingizwa ghalani, wala hakuna aliyeandika uzito wa taka. Hakuna aliyeiba, hawakuketi pamoja tu. Meneja alizuia malipo, wakulima wakangoja, na msimu uliofuata baadhi yao wakawauzia walanguzi.

Mkulima wa Dongobesh aletaye mahindi au maharage mizanini haoni madaftari yetu. Huona siku ya kulipwa. Basi chama na kijipime hivi:

(a) Chukueni stakabadhi kumi bila kuchagua. Zifuateni kutoka mizanini hadi ghalani, kwenye leja ya mwanachama, na hadi malipo. Andikeni siku zilizopita kati ya hatua na hatua. Zinapokwama ndipo penye ugonjwa.

(b) Mwulizeni kila mtendaji peke yake: Nani hungojea kazi yako, na huihitaji lini? Majibu yakigongana, mgawanyo wa kazi haujaeleweka.

(c) Kila jioni ya ununuzi, karani na mtunza ghala walinganishe vitabu na kutia sahihi pamoja. Tofauti iandikwe siku ileile, pamoja na sababu yake.

(d) Kila mwezi Bodi isomewe tofauti hizo, nayo itafute kasoro ya utaratibu kabla ya kumtafuta mkosaji. Anayeogopa lawama huficha.

Baada ya miezi mitatu rudieni kipimo (a), mlinganishe siku.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hata vidole viwili havimvunji, kama havikukutana.

Swali la kujadili mkutanoni: Katika chama chetu, stakabadhi ya mkulima hulala wapi kwa siku nyingi zaidi, na kwa nini?

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika